Leonia na Saa Tatu Mbili

Watu wa Tabora wanapokumbuka miaka ile ya kujenga taifa, huhesabu mashamba, madarasa na mikutano. Hakuna anayehesabu kwamba katika mtaa wa Kanyenye, nyuma ya kaunta ya duka la vipuri vya magari, alisimama kwa miaka sita mwanamke aliyezijua springi kuliko wanaume kumi na mmoja wenye spana mikononi, na kwamba kwa miaka yote hiyo sita aliitwa "yule dada wa duka". Jina lake lilikuwa Leonia, binti Ngollo. Haki ni kuanza na jina.

Ujuzi wake haukuanzia dukani. Baba yake alikuwa mpiga nyundo wa reli. Treni ikisimama stesheni, iwe ya Kigoma au ya Mwanza, Mzee Ngollo alitembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akagonga gurudumu baada ya gurudumu, springi baada ya springi, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri. Leonia alikuwa akimpelekea chakula, na kwa kuwa baba hakuwa na mtoto wa kiume aliyekubali kutembea juani, alitembea naye yeye.

"Umesikia nini hapo?" baba alikuwa akiuliza.

"Kimekohoa, baba."

"Chuma kizima hulia. Kikikohoa kina ufa. Mwite fundi, kabla hakijaua watu."

Alisoma kwa masista hadi darasa la nane, akapata katika hesabu alama ambazo wavulana wa mwaka ule hawakuzifikia. Zawadi aliyopewa ilikuwa cherehani. Wavulana wawili waliokuwa nyuma yake walipelekwa kusomea ufundi wa mitambo, na mmoja wao alirudi baada ya mwaka kwa sababu hakupenda grisi. Leonia aliifungua ile cherehani skrubu moja moja hadi akajua kila kipande kinafanya kazi gani, akaiunga upya, akaiuza. Baadaye aliolewa na Justus, karani wa posta, mtu mpole aliyekuwa akiwaambia wenzake kwa fahari kwamba nyumbani kwake saa ya ukutani haitengenezwi na yeye.

Kurban Jivraj, mwenye duka la vipuri, alimwajiri kwa sababu moja: alisoma katalogi za Kiingereza na kugundua makosa yaliyomo. Mteja akija kutaka beringi ya lori, Leonia aliuliza lori linabeba nini, linakwenda wapi, na tairi la upande gani linalika mapema. Kisha akatoa beringi. Mafundi walizoea kumwuliza maswali kwenye kaunta na kuyarudia majibu yake gerejini kana kwamba wameyaota wenyewe.

Mwaka 1970, mwaka wa tatu tangu Azimio la Arusha, mafundi wa gereji ndogondogo za mjini waliamua kuungana na kuwa chama cha ushirika. Walikuwa kumi na mmoja. Walipata banda kubwa mkabala na duka la Kurban, wakachimba shimo la kushukia chini ya magari, wakaandika katiba. Wiki ya pili tu, Leonia alivuka barabara akiwa na barua mkononi.

"Shikamoo, mwenyekiti," alimwamkia Mzee Lugembe, fundi mkongwe wa malori.

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea zile gasketi?"

"Nimeleta barua ya kuomba uanachama."

Spana zilinyamaza. Kisha kikazuka kicheko kutoka shimoni, maana hata aliyekuwa chini ya gari alitaka kucheka na wenzake. Katibu wa chama, Yoramu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi, aliichukua barua kwa ncha za vidole.

"Ndugu Leonia, chama hiki ni cha mafundi. Wewe ni muuzaji. Tukikuandika wewe, kesho tutamwandika mama wa maandazi, maana naye anatulisha."

"Mama wa maandazi hajawahi kukurudishia pampu ya maji uliyoinunua kwa gari lisilo lake. Mimi nimekurudishia ngapi, ndugu katibu?"

Mzee Lugembe aliificha midomo yake nyuma ya kofia. Yoramu aliifungua katiba, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Fundi ni mtu aliyefanya kazi ya ufundi mbele ya wanachama, na kazi yake ikasimama."

"Vizuri," Leonia alisema. "Nipeni kazi."

Hawakumpa lori. Hawakumpa hata baiskeli. Yoramu alitazama nje kupitia mlango, akaliona gari lililoegeshwa mbele ya duka la Kurban, akatabasamu.

Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili na pua ndefu, na mwenyewe alikuwa Nurjahan, binti Kurban, mwalimu wa jiografia mwenye miaka ishirini na minne. Aliuziwa na daktari wa mifugo Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Mji mzima ulikuwa na neno juu ya gari lile. Kurban mwenyewe alisema, "Nilimwambia anunue pikapu. Amekwenda kununua kiatu chekundu." Shokapu zake zilikuwa zimekufa na springi zimechoka, likipita juu ya reli liliendelea kurukaruka hadi msikitini. Na siku ya Saba Saba madereva wa mji walikuwa na mashindano yao ya kwenda Kigwa na kurudi. Nurjahan alikwisha kujiandikisha.

"Tengeneza lile," Yoramu alisema. "Liende Kigwa na kurudi siku ya Saba Saba bila kuacha kitu njiani. Likirudi zima, tutakujadili."

"Hamtanijadili. Mtaniandika."

"Ni gari la anasa," alinong'ona mwanachama mmoja. "Chama cha wajamaa kinahangaikia gari la anasa?"

"Springi haina siasa, kaka," Leonia alimjibu. "Inajua uzito tu. Nitakachojifunza hapa kitalibeba na gari la wagonjwa."

Mzee Lugembe alikata shauri. Kazi itafanyika bandani, mbele ya wanachama, na fundi Silasi, kijana mkimya wa magari madogo, atakuwa shahidi na mkono wa pili. Kikao kikaisha. Masharti yalikuwa wazi, na Leonia aliyajua vizuri kuliko wao: likirudi zima, anaingia, likirudi limeharibika, hakuna mwanamke atakayeleta barua nyingine katika banda lile kwa miaka ishirini.

Jioni ile Nurjahan alimfuata kaunta akiwa na gazeti la magari lenye picha.

"Dada Leonia, tazama. Nalitaka hivi. Limelala chini kama chui anayenyatia."

Gari la kwenye picha lilikuwa limeshushwa hadi upana wa kiganja kutoka kwenye lami. Leonia aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Zuri. Na hiyo barabara iliyo chini yake, umeiona Tabora sehemu gani?"

"Usinivunje moyo bwana."

"Sikuvunji. Kesho baada ya masomo njoo na rula ya darasani, ile ya mbao."

Kesho yake walitoka mjini kwa njia ya Kigwa, njia ambayo zamani wapagazi waliipita kwa miguu na pembe mabegani na ambayo sasa malori ya pamba na asali yalikuwa yameichimba mifereji miwili. Katikati ya mifereji hiyo palibaki tuta refu lenye nyasi kavu. Walisimama kila penye tuta la kutisha, Leonia akapiga magoti na rula, Nurjahan akaandika. Tuta lililopanda kuliko yote lilikuwa inchi tano. Kisha wakapima tumbo la gari, pale sampu, bakuli la oili la injini, inaponing'inia. Inchi sita.

"Sasa sikiliza," Leonia alisema, akijipangusa magoti. "Likiwa jipya lilikuwa inchi saba na nusu. Kitabu chake kinasema hivyo. Inchi moja na nusu imeliwa na uchovu wa springi. Ukinunua za kushusha inchi mbili, utabaki na tano na nusu."

"Nusu inchi juu ya tuta. Napita."

"Unapita kama umesimama. Gari likitembea linapumua, mwalimu. Pua ikizama mara moja tu, sampu inapasuka, oili inabaki Kigwa, na mimi nabaki kaunta."

Nurjahan aliitazama rula. Hakuwa mjinga, alikuwa kijana tu, na alikuwa ameipenda picha.

"Kwa hiyo tusishushe kabisa?"

"Tutashusha inchi moja. Gari lililo juu linainama kwenye kona, hilo kweli; lakini chuma cha springi kiwe kinene kuliko cha zamani, kisizame ovyo. Na shokapu ziwe zile za kurekebishwa kwa skrubu. Kwa nini? Kwa sababu springi ngumu ikibonyea hurudi kwa hasira, na shokapu ndiyo inayoishika mkono. Mtu wa kiwandani hajui hasira hiyo itakuwa kiasi gani kwenye njia ya Kigwa. Nataka kuipangia mwenyewe."

Kurban alimpigia simu binamu yake Premji, mwenye duka la vipuri Dar es Salaam, ambaye kwa bahati alikuwa na vyote viwili kwenye rafu tangu kabla vibali vya kuagiza havijawa vigumu. Vilifika kwa treni baada ya siku kumi na mbili. Lakini sanduku lilikuwa limelowa, na vibandiko vilivyoonyesha springi za mbele ni zipi na za nyuma ni zipi vilikuwa vimegeuka uji.

Yoramu alisema ni bahati mbaya. Leonia alisema ni Jumatano. Alizisimamisha springi nne juu ya sakafu ya stoo, moja baada ya nyingine, akaziwekea ubao na juu yake magunia ya chumvi ya Uvinza, kila gunia likiwa limepimwa kwanza kwenye mizani ya Kurban. Gunia moja, akapima. Magunia mawili, akapima. Mbili kati yake zilizama kidogo, mbili zikazama zaidi. Zilizokaza zilikuwa za mbele, kwenye injini. Wanachama wanne walikuja kuchungulia mlangoni wakijifanya wanatafuta kiberiti. Silasi peke yake ndiye aliyeingia, akashika ubao usianguke, akauliza, "Na gunia la tatu?"

"Lete," Leonia alisema, na kuanzia hapo walielewana.

Kazi ya kufunga ilifanyika siku moja kabla ya Saba Saba, asubuhi. Leonia alichukua upande wa kushoto wa gari, Silasi upande wa kulia. Ndani ya sanduku la shokapu mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Kila shokapu ilikuwa na skrubu ubavuni yenye mshale mdogo: mshale ukielekea juu, shokapu ni laini, ukiuzungusha kwa bisibisi kuelekea kulia kama mkono wa saa, inakaza kidogo kidogo hadi mzunguko uishe. Karatasi ilitaja pa kuanzia kwa barabara mbovu, kwa mfano wa uso wa saa. Silasi hakusoma Kiingereza, kwa hiyo Leonia alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wake wa masista: Zungusha hadi saa tatu.

Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, kicheko cha kwanza kilisikika.

"Jamani! Springi za kushusha zimelipandisha!"

Kweli, lilikuwa limepanda nusu inchi.

"Lilikuwa limechuchumaa," Leonia alisema bila kugeuka. "Sasa limekaa."

Lakini kicheko cha pili kilikuwa na sababu. Nurjahan aliliwasha, akalipeleka hadi mwisho wa mtaa na kulirudisha, na watu wote wa Kanyenye waliona. Gari lilikwenda likiyumba, upande mmoja ukicheza ngoma na upande mwingine umegoma, kama punda aliyebebeshwa mzigo kushoto tu. Kwenye kona ya duka la vitambaa lilikaribia kuparamia ngazi. Nurjahan alishuka, uso umempauka.

"Dada Leonia, linanivuta. Linataka kunitupa."

Yoramu hakucheka. Alifanya jambo baya zaidi: alizungumza kwa upole.

"Umejitahidi, dada. Hakuna aibu. Kila mtu na karama yake. Kaunta ni kazi muhimu kwa taifa."

Kuna upole ambao ni mlango unaofungwa polepole ili usisikike. Leonia aliusikia. Akili yake ilikimbilia kwenye hesabu zake: labda magunia, labda mizani, labda springi zimechanganyika kushoto na kulia. Kwa kitambo kifupi aliamini yale waliyokuwa wakimwambia tangu cherehani ile, kwamba mikono yake si ya chuma. Kisha akakumbuka kwamba springi nne alizipima mara mbili mbili, na namba haziwezi kumpendelea Yoramu.

"Mwenyekiti," alisema, "Saba Saba ni kesho. Leo bado ni mali yangu."

"Ni yako mpaka jua litue," alijibu Mzee Lugembe.

Aliliendea gari, akaweka viganja kwenye kona ya mbele kushoto, akabonyeza kwa uzito wake wote na kuachia. Lilipanda, likashuka, likapanda tena kabla ya kutulia. Akaenda kona ya kulia. Akabonyeza. Halikusogea isipokuwa kidogo, kwa kununa, kama jiwe lililofunikwa godoro. Nyuma ni vivyo hivyo: kushoto laini, kulia jiwe.

"Silasi, uliweka skrubu wapi?"

"Ulipoandika."

"Niliandika saa tatu."

"Nami nimeweka saa tatu."

"Hebu nionyeshe."

Silasi alichuchumaa, akamulika kwa tochi. Mshale wa skrubu ulielekea kushoto kabisa. Leonia aliutazama, akamtazama yeye.

"Silasi, hiyo ni tisa."

"Dada, hiyo ni saa tatu." Silasi alikunja mkono wa shati na kumwonyesha saa yake, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba hajakosea. "Saa tatu asubuhi, mkono mfupi unakaa wapi? Si hapa? Tena ndio wakati tulipoanza kazi."

Halafu Mzee Lugembe akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kifuani, kisha akalazimika kushika nguzo. "Wallahi amesema kweli! Saa tatu iko pale! Leonia, mtoto wa watu kakosea nini?"

"Hakukosea," Leonia alisema. Damu ilikuwa imempanda usoni, nusu hasira, nusu kicheko. "Kosa ni langu. Nilitafsiri maneno, sikutafsiri saa."

Aliyechapa karatasi ile alikuwa na hakika kwamba dunia nzima inahesabu saa kama yeye, kuanzia usiku wa manane. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mamilioni ya watu wenye akili timamu ambao saa ya kwanza kwao ni jua linapochomoza, na ambao huitazama tisa iliyochongwa kwenye saa na kuisoma tatu bila kigugumizi, kila siku ya maisha yao. Leonia alikuwa mmoja wao. Alipoisoma karatasi kwa Kiingereza, kichwa chake kilikuwa Ulaya. Alipoiandika kwa Kiswahili, mkono ulikuwa Tabora. Na kati ya kichwa na mkono zilipotea saa sita.

Yoramu alikohoa. "Hata hivyo, kosa ni kosa."

"Ndiyo, na limeshajulikana," Mzee Lugembe alisema. "Wewe hujawahi kufunga tairi kinyume? Niseme lini? Niseme gari la nani?"

Yoramu hakutaka aseme.

Fundi wa kawaida angezirudisha skrubu zote mahali pa karatasi na kushukuru Mungu. Leonia alitaka kujua. Alipanda garini na Nurjahan, wakampakia Silasi kwa kujikunja nyuma ya viti, wakatoka hadi kwenye tuta la kwanza la njia ya Kigwa, mahali ambapo barabara pia ilikuwa na mikunjo kama ubao wa kufulia. Silasi walimshusha kando ya njia, kazi yake ikiwa ni kutazama magurudumu tu.

Kwanza wakaweka skrubu zote nne kwa saa tatu ya karatasi. Gari lilipita likitambaa vizuri juu ya mikunjo, lakini kwenye tuta pua ikazama.

"Mbele limeinama sana!" Silasi alipiga kelele. "Nyasi zimelambwa mpaka udongoni!"

Wakaweka zote nne kwa saa tatu ya Silasi. Pua haikuzama tena, ila kwenye mikunjo magurudumu ya nyuma yalirukaruka kama mbuzi, na Nurjahan akasema usukani umekuwa wa maji.

Leonia alisimama katikati ya barabara, bisibisi mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Silasi alikuwa akitafuna jani la nyasi.

"Dada," alisema polepole, "uzito uko mbele. Injini."

"Endelea."

"Nyuma hakuna kitu. Nyuma kuna mwalimu na daftari zake."

"Endelea, Silasi, unataka kusema nini?"

"Mbele tuweke saa tatu yangu. Nyuma tuweke yako."

Leonia alilitazama gari, akaona kile ambacho karatasi haikusema na magunia ya chumvi hayakuweza kusema. Mbele ikazwe isije ikazama. Nyuma ilainishwe ili tairi zinazosukuma zisiiache ardhi. Alipiga magoti mbele, Silasi akapiga magoti nyuma, na safari hii hakuna aliyeandika kitu. Nurjahan alilipitisha gari mara tatu. Mara ya tatu alirudi ameachia mkono mmoja wa usukani, akapunga.

"Sasa linatii!" alisema. "Halirukaruki, halizami. Linatii!"

Saba Saba ilipambazuka na upepo mkavu wa Julai. Magari tisa yaliondoka moja moja, kila moja baada ya dakika kumi, mengi yakiwa ya milango minne na mawili yakiwa Landrova. Nurjahan aliondoka wa nne. Kurban aliwaambia watu kwamba hana wasiwasi, kisha akafunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipougua malaria. Leonia alikaa kwenye ngazi ya duka. Hapakuwa na kitu cha kufanya kwa mikono, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna katalogi inayoifundisha.

Gari la kwanza lililorudi lilikuwa Landrova. La pili lilikuwa jekundu.

Halikuwa limeshinda kwa mwendo. Wawili kati ya waliomtangulia walikuwa wamekwama njiani, mmoja akiwa amepoteza oili yake yote juu ya lile tuta la inchi tano. Nurjahan alizima injini akabaki ameketi, nywele zimekuwa za rangi ya matofali. Alikuwa akicheka peke yake.

Yoramu hakumpa pole wala hongera. Alivua saa, akakunja mikono ya shati lake safi, akalala chali kwenye vumbi na kuingia chini ya gari mwenyewe. Lazima isemwe kwa haki yake kwamba alipotilia shaka, alitaka kuona kwa macho. Miguu yake ilibaki nje kwa muda mrefu.

"Katibu, umesinzia?" mtu aliuliza.

"Lete tochi."

Akapewa. Miguu ikajikunja, ikanyooka. Alipotoka alikuwa na mbegu za nyasi kwenye masikio.

"Sampu imeng'aa," alisema. "Nyasi za tutani zimeipangusa kama kitambaa. Lakini chuma hakijaguswa." Akajipangusa sikio, kisha akaongeza kwa shida, "Hakuna hata mkwaruzo."

Mkutano ulifanyika Jumamosi. Wanachama kumi na mmoja walikaa kwenye mabenchi na matairi, Leonia kwenye kreti ya soda. Mzee Lugembe alifungua kwa maneno machache. Yoramu akasimama na daftari.

"Kazi imesimama, hilo sipingi. Ila ndugu Silasi alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Tutajuaje kazi ni ya nani? Napendekeza tumwandike Silasi sifa, na ndugu Leonia tumpe uanachama wa majaribio. Mwaka mmoja."

Hapo ndipo damu ya mtu yeyote mwenye haki huchemka. Mwanamke anapokosea, kosa ni lake peke yake na la wanawake wote. Anapopatia, hutafutwa mwanamume aliyekuwa amesimama karibu. Leonia alifungua mdomo, lakini Silasi, ambaye katika mikutano yote alikuwa hajawahi kusema neno, alikuwa tayari amesimama.

"Mimi kazi yangu mnaijua," alisema. "Niliweka saa tatu."

Banda likalipuka kwa kicheko. Silasi alisubiri kiishe.

"Aliyepima njia kwa rula ni nani? Aliyekataa inchi mbili ni nani? Chumvi nani aliipima? Mimi nilishika ubao. Na siku ile mlipocheka, angeweza kusema Silasi kaharibu, nanyi mngeamini. Alisema kosa ni lake. Nimefanya kazi na mafundi miaka tisa. Sijawahi kumsikia fundi akisema hivyo."

Mzee Lugembe aligeukia kreti ya soda.

"Leonia, unasemaje juu ya majaribio?"

"Mwenyekiti, jaribio nimekwisha kulifanya, mliniwekea ninyi wenyewe. Katiba inasema kazi ikisimama, mtu ni fundi. Haisemi fundi wa mwaka mmoja. Kama mnataka kuibadilisha, ibadilisheni leo mbele yangu, tena mwandike na sababu."

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alilitazama daftari, na daftari halikumsaidia.

"Wanaokubali uanachama kamili?"

Mkono wa Silasi ulikuwa wa kwanza. Ukafuata wa mwenyekiti mwenyewe, kisha wa yule aliyelalamikia anasa, kisha mingine kwa pamoja, hadi minane. Wawili hawakuinua. Yoramu aliihesabu mikono mara mbili kwa kalamu. Halafu, taratibu, bila kumtazama mtu, akaweka kalamu chini na kuinua wa kwake.

"Tisa," alisema, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Chini ya majina kumi na moja aliandika la kumi na mbili, na katika safu ya kazi akaandika fundi, bila kuongeza neno.

"Ajenda ya pili," alisoma, sauti ikirejea mahali pake. "Ununuzi wa ubao mkubwa wa jina la chama, wa rangi mbili, utakaowekwa juu ya mlango. Nadhani hapo hapana ubishi, tupitishe."

Mikono ilianza kuinuka kwa mazoea. Leonia alikuwa ameinua wake pia, lakini wa kwake haukuwa wa kukubali.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, akisimama kutoka kwenye kreti, "kabla ya ubao, tuna jeki ngapi zinazoshika uzito bila kushuka?"

Mzee Lugembe alivua kofia, akaiweka gotini.

"Zungumza, fundi."